Gesi ya pumba ianze na moto, umeme baadaye

KILA msimu wa mavuno ya mpunga unapokolea, nyuma ya mashine za kukobolea za Igurusi, Ubaruku, Ifakara na Kahama huibuka vilima vya pumba. Sehemu huchukuliwa na wachoma matofali. Zinazobaki hutiwa kiberiti, zikafuka moshi kwa siku kadhaa huku majirani wakikohoa, na mwenye mashine akishukuru kwamba amepata nafasi ya kumwaga nyingine.

Hesabu yake ni rahisi. Gunia la mpunga lenye kilo 100 hutoa takriban kilo 20 za pumba ngumu, yaani yale maganda ya nje, mbali na pumba laini zinazouzwa kwa wafugaji. Tanzania huvuna zaidi ya tani milioni 2 za mpunga kwa mwaka, hivyo maganda hayo yanapita tani 400,000. Kilo 2 za pumba kavu zina joto linalokaribia la kilo 1 ya mkaa. Ukilitazama hivyo, kinachoungua bure nyuma ya mashine ni mali ambayo mama lishe wa mtaa wa pili anainunua kwa gunia kutoka msituni.

Ndiyo maana habari za kugeuza pumba kuwa gesi huvutia watu kila zinapozuka. Teknolojia yenyewe si ya ajabu. Anayechoma mkaa porini anaijua nusu yake: hupanga magogo, huyafukia kwa udongo na kuacha tundu dogo ili moto upate hewa kidogo tu. Kuni haziungui zikaisha, bali hutoa moshi mzito na kubaki mkaa. Moshi ule una gesi inayowaka, nayo hupotea angani. Tanuri la gesi hufanya kazi hiyohiyo ndani ya pipa la chuma, ila halipotezi moshi. Pumba hukauka, kisha hutoa mvuke na moshi, kisha moshi huo hupitishwa kwenye makaa mekundu yenye joto la mamia ya nyuzi, na hapo hubadilika kuwa kaboni monoksaidi na haidrojeni. Hizo mbili ndizo zinazowaka.

Lakini mfanyabiashara anapaswa kujua anachonunua. Karibu nusu ya gesi hiyo ni naitrojeni iliyoingia na hewa, ambayo haiwaki. Kwa ujazo uleule, gesi ya pumba ina kati ya sehemu moja ya saba na moja ya nane ya nguvu iliyomo kwenye gesi asilia ya Songosongo. Haifai kujazwa kwenye mtungi na kupelekwa mjini. Inabidi itumike palepale inapozalishwa, dakika ileile. Aidha, ni sumu isiyo na harufu ya kumshtua mtu, sumu ileile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mtambo wa aina hii haukai ndani ya ghala lisilo na madirisha.

Kwa miaka mingi wauzaji wa mitambo, na baadhi ya wafadhili, wamelinadi wazo hili kwa neno moja: umeme. Ushahidi wao upo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, petroli ilipoadimika, mamia ya maelfu ya magari ya Ulaya yalitembea kwa gesi ya kuni, kila moja na tanuri lake mgongoni. Huko Bihar, India, kampuni ya Husk Power Systems iliwasha mtambo wake wa kwanza mwaka 2007 katika kijiji cha Tamkuha, kisha ikasambaza mitambo ya kilowati 32 hivi katika vijiji vingine ambavyo gridi ilikuwa haijafika. Kampuni hiyo ilifika hadi Tanzania.

Kwenye karatasi, mashine ya mpunga inaonekana kama imeumbwa kwa ajili ya biashara hii. Mashine inayokoboa tani 1 kwa saa hupata kilo 200 za pumba katika saa hiyo. Kwa wastani wa kilo 2 kwa uniti moja ya umeme, hizo ni uniti 100. Mashine yenyewe inahitaji labda uniti 30 hadi 50. Anayetumia jenereta ya dizeli anaweza kuchanganya gesi na dizeli katika injini ileile na kuokoa lita 6 au 7 katika kila lita 10. Kila mmoja azidishe kwa bei ya pampu ya kwake aone.

Tatizo linaanzia hapo karatasi inapoishia. Gesi inayotoka tanurini imebeba utomvu mweusi kama lami, pamoja na vumbi la majivu. Injini haivumilii vitu hivyo. Vali hunata, pistoni huchakaa, na baada ya wiki chache fundi anaitwa. Ili kuuondoa utomvu, mitambo mingi huosha gesi kwa maji na kuichuja, na maji hayo hutoka meusi, yenye kemikali zinazodhuru samaki na visima. Kamboja, ambako mashine nyingi za mpunga zilifunga mitambo ya namna hii kuanzia miaka ya 2000, maji hayo machafu yamekuwa kero kubwa. Mbarali, ambako mfereji wa kumwagilia upo hatua chache kutoka kwenye mashine, mtu afikirie mara mbili.

Halafu kuna suala ambalo muuzaji hasemi kabisa. Mashine nyingi ndogo za zamani hukoboa na kusaga ganda kwa pamoja, hivyo zinachotoa ni unga wa pumba ngumu na laini uliochanganyika. Unga huo huziba njia ya hewa tanurini. Gesi safi hupatikana kwa maganda mazima, yale yanayotoka kwenye mashine zenye roli za mpira, tena yakiwa makavu, unyevu usizidi asilimia 15 hivi. Asiye na mashine ya aina hiyo anunue kwanza mashine. Itamlipa hata kwa ubora wa mchele.

Na hali ya umeme wenyewe imebadilika. Hoja ya mwaka 2007 ilikuwa kijiji kisicho na gridi. Leo, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), nguzo zimefika karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024. Bei za paneli za jua nazo zimeporomoka, na hata Husk siku hizi inajulikana zaidi kwa umeme wa jua. Mwenye mashine aliyeunganishwa na Tanesco, akilipa uniti kwa bei ya gridi, hana sababu ya kununua tanuri, vichujio na injini ya kuosha kila siku ili azalishe kitu ambacho waya unamletea mlangoni. Anayebaki na hoja ya umeme wa pumba ni yule aliye mbali na waya na anayechoma dizeli kila siku, au kiwanda kikubwa chenye mafundi wake. Shamba la chai la Muzizi, magharibi mwa Uganda, lilifunga mtambo wa kilowati 250 katikati ya miaka ya 2000, likatumia mikaratusi yake lenyewe na kuupeleka umeme kiwandani kwake lenyewe. Mradi wa Marigat, Baringo nchini Kenya, ulitegemea mti wa mathenge unaokatwa na wanavijiji na umeme wa kuuzwa kwenye gridi. Huo ulikwama.

Je, gesi itupwe? La hasha. Kosa limekuwa kukimbilia injini na kuruka moto. Gesi inayochomwa ikiwa bado ya moto, moja kwa moja kutoka tanurini, haihitaji kuoshwa. Utomvu unaoua injini huungua pamoja na gesi na kuongeza joto. Hakuna maji meusi, hakuna vichujio, hakuna pistoni. Kinachohitajika ni pipa lililojengwa vizuri, feni ndogo na mtu makini. Kazi ya kulichomelea inawezekana katika karakana nyingi za mikoani.

Na joto ndilo ambalo wakulima wanalikosa. Mpunga unaovunwa mvua zikiendelea huingia ghalani na unyevu wa asilimia 20 na zaidi, wakati unapaswa kushuka hadi 14. Mkulima huuanika barabarani, unapasuka, ukikobolewa unatoa chenga, na mnunuzi anakata bei. Kukausha tani 1 ya mpunga wa namna hiyo kwa hewa ya moto hula robo hadi theluthi ya pumba ambazo tani hiyohiyo itatoa. Kwa maneno mengine, mpunga unaweza kujikausha wenyewe na pumba zikabaki. Ni kweli kwamba tanuri la kawaida la kuchoma pumba nalo hukausha, tena ni rahisi zaidi kujenga. Faida ya gesi ni mwali safi unaoongezwa na kupunguzwa, jambo muhimu kwa nafaka isiyotaka joto la kupita kiasi. Kwa vyovyote vile, moshi usiguse mpunga. Hewa ipashwe kwa kupita nje ya mabomba.

Soko la pili ni majiko makubwa. Serikali ilizielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania. Shule iliyo kilomita 5 kutoka kwenye mashine ya mpunga inaambiwa inunue gesi ya mitungi inayosafirishwa kutoka Dar es Salaam, na njiani lori linapita vilima vya pumba vinavyofuka. Jiko la gesi ya pumba si ndoto. Mhandisi Alexis Belonio wa Ufilipino alitengeneza dogo la nyumbani lenye feni, linalotoa mwali wa bluu kwa kilo moja na kitu ya pumba, na mwaka 2008 akatambuliwa kwa Tuzo ya Rolex. Kubwa la shule linahitaji bomba la moshi na jiko lenye hewa ya kutosha, lakini kanuni ni ileile. Wanaoandika orodha za nishati safi hawana budi kuliweka humo, likipimwa moshi na sumu kama majiko mengine.

Wakulima wa pamba nao wasiachwe nyuma. Kanuni za kudhibiti wadudu zinawataka wang'oe miti ya pamba na kuichoma baada ya mavuno. Huo ni moto ulioamriwa ambao haupiki chochote. Ukikatwakatwa, mti wa pamba ni kuni nzuri kwa tanuri la gesi, ingawa gharama ya kuukusanya kutoka shamba hadi shamba inaweza kula faida yote. Magunzi ya mahindi na vifuu vya nazi ni bora zaidi, kwa kuwa hukusanyika penyewe mahali pamoja. Mabua ya mahindi yaachwe shambani, kwani udongo na ng'ombe wana haki nayo kabla ya tanuri.

Limebaki suala la nani atakula faida. Kwa desturi ya sasa, mkulima hulipa kukobolewa kwa kilo au kwa gunia, huondoka na mchele, na pumba ngumu hubaki kwa mwenye mashine. Hakuna anayegombea, kwa sababu ni taka. Lakini pumba huacha kuwa taka siku mtu wa kwanza anapokuja na lori kuzinunua. Bihar ilitokea hivyo: maganda yaliyokuwa yakitupwa yalianza kudaiwa bei mara tu mitambo ilipoyahitaji, na hesabu ya mwenye mtambo ikavurugika. Anayepanga biashara ya gesi kwa kuandika sifuri kwenye mstari wa malighafi anajidanganya. Aweke bei, hata ya kukisia, aone kama biashara bado inasimama.

Kwa mkulima, huu ndio wakati wa kuzungumza, kabla lori halijafika. Vyama vya msingi vinavyopeleka maelfu ya magunia kwenye mashine moja vina nguvu ya kudai mojawapo ya mawili: ada ya kukoboa ipungue kulingana na pumba zinazoachwa, au kikaushio kijengwe hapo hapo na wanachama wakaushe mpunga wao kwa gharama ya feni na mtunza moto tu. Majivu nayo yaingie kwenye makubaliano. Tanuri huacha mkaa laini wa pumba, ambao ukichanganywa na udongo wa kitalu huufanya uwe mwepesi na ushike maji, hivyo mkulima wa mboga atautaka.

Na mwenye mashine anayeletewa mtambo na muuzaji asitie saini kwa kuonyeshwa video. Aombe anwani ya mtambo mwingine uliokwisha kufanya kazi msimu mzima, aende akauone ukiwa unawaka, amuulize mtunza moto na si mmiliki. Apeleke magunia 20 ya pumba zake mwenyewe zikajaribiwe. Mkataba useme vipuri vinapatikana mji gani, nani analipa mtambo ukisimama katikati ya msimu, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya kukausha tani ngapi.