Huku ikweta nyota hazizunguki hivyo
Makala yenu ya kupiga picha za michirizi ya nyota ni nzuri, ila anga mliloeleza ni la Ulaya, ambako Nyota ya Kaskazini iko juu na nyingine zinaizunguka. Hapa Nanyuki, ikweta inapopita, nyota hiyo imelala kwenye upeo wa macho, haionekani. Elekezeni kamera mashariki: nyota zinapanda wima, michirizi ya katikati inanyooka, ya kushoto inajipinda kuelekea kaskazini na ya kulia kusini. Inapendeza mno! Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo saa moja inatosha kupata michirizi. Pigeni picha za sekunde 30 mfululizo, kisha mziunganishe kwenye kompyuta. Na tafadhali, zimeni kile kipengele cha kamera cha kuondoa chengachenga, maana kinaichelewesha picha inayofuata na mchirizi unabaki na mapengo.