Kaski ya vita si bidhaa

Nasema waziwazi: mtu mzima anayempa mtoto franka ili amletee kaski ya askari kutoka porini anacheza na maisha ya mtoto huyo. Iwe ya kuuza, ya kuvaa kwenye pikipiki au ya kuweka nyumbani kama kumbukumbu, kosa ni lilelile.

Masisi-centre ilianguka mwanzoni mwa Januari 2025, Walikale-centre mwezi wa Machi. Katikati, Februari, kambi za deplase kama Bulengo zikavunjwa, na familia nyingi zikarudi kwenye mashamba yaliyopiganiwa. Kaski haiji shambani peke yake. Ilipo, risasi zililia. Na risasi zilipolia huenda kuna grenadi au roketi ambayo haijalipuka, na majani yameshaifunika. Mtoto anaona kaski. Kilicho pembeni haoni.

Kuna atakayesema ni chuma, kinalipa. Hata hilo si hakika! Kaski nyingi za siku hizi ni nyuzi ngumu zilizobanwa pamoja. Anayeyeyusha masufuria hana la kufanya nazo. Kwenye pikipiki pia haikutengenezwa kwa ajali ya barabara, na ukifika nayo kwenye bariyeri utaulizwa wewe ni wa upande gani. Utajibu nini?

Linaloniuma zaidi ni hili. Kuna askari wanaoandika jina ndani ya kaski. Mikataba ya Geneva ya 1949 inakataza kupora maiti, na inataka vitu vya marehemu vikusanywe, atambuliwe, kwao wajulishwe. Miili ya askari 14 wa Afrika Kusini waliouawa upande wa Sake na Goma ilifika kwao Februari 2025, kila mmoja na jina lake. Na kijana wetu, awe FARDC au Mzalendo, mama yake atajuaje alipolala kama kaski yake inateka maji kwa jirani?

Wajibu wa kuokota maiti na mabomu ni wa wanaopigana, serikali na M23. Raia hakutumwa kufagia vita vyao, mtoto ndiyo kabisa.

Wazazi, mkiiona kaski msiiguse, msiigeuze hata kwa fimbo. Rudini kwa njia ileile mliyojia, wekeni alama kwa mbali, mwambieni chefu wa kijiji au watu wa Msalaba Mwekundu. Na wewe unayenunua, watoto wanajua jina lako.