Msimlaumu Susu

Nilipojifungua Kitui, nesi alisema: miezi sita, maziwa ya mama tu, hata maji usimpe. Sawa. Lakini kumshika mtoto na kumcheulisha nilifundishwa na Susu, nyanya yangu. Mtoto alipofika miezi minne, Susu akamwonjesha uji wa wimbi. Kliniki wakamaka: ati mila!

Mila gani? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu. Mitatu! Tena ni kwa aliyeajiriwa. Muuza maembe pale Wote, Makueni, hana hata siku moja. Nikamue? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba. Mimi nilikamulia chooni, nikamwaga. Nyumbani mtoto analia, Susu yuko peke yake. Angempa nini, kadi ya kliniki?