Daftari la Ziwa Kivu lisipotee

Kila siku akina mama wa Gisenyi huvuka Petite Barrière na mabeseni ya sambaza kwenda kuuza Goma. Ni wachache wanaojua kwamba samaki huyo si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959.

Mwaka 1935 na 1936, mtaalamu wa Ubelgiji, Hubert Damas, alipima maji ya Kivu na kuchunguza viumbe vyake. Wabelgiji wengine walifanya utafiti kati ya 1952 na 1954. Vitabu vyao vinaonyesha ziwa lilivyokuwa kabla ya sambaza. Wataalamu waliokuja baadaye walilinganisha, wakakuta kidudu kimoja cha majini, aina ya dafnia, kimetoweka kwa kuliwa na mgeni huyo. Bila kumbukumbu za zamani, nani angejua kwamba kiliwahi kuwepo?

Mwaka 2006 aligunduliwa mgeni mwingine, Lamprichthys tanganicanus. Wavuvi wa upande wa Kongo wakamwita Rwanda-Rwanda, kana kwamba sisi ndio tuliomtuma! Vitabu haviwezi kutuambia nani alimleta, lakini vinathibitisha kwamba kwao ni Tanganyika na kwamba Kivu hakuwemo. Jambo hili linamhusu mfanyabiashara, kwa kuwa samaki huyu hugombea chakula na sambaza.

Tatizo ni kwamba vitabu hivyo vingi viko Ulaya. Hapa kwetu tegemeo ni maktaba kama ile ya Lwiro, karibu na Bukavu, iliyorithiwa kutoka taasisi ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947, na eneo hilo limepitia vita vingi. Isitoshe, vimeandikwa kwa Kifaransa. Wengi wetu tuliorudi kutoka Tanzania na Uganda tulisoma kwa Kiingereza na Kiswahili.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ziwa ni mali yetu, na daftari lake ndilo hilo.

Kwa hiyo naomba vyuo vikuu vya Rwanda na Kongo vishirikiane kupiga picha kila ukurasa na kuuweka kwenye intaneti, kama inavyofanya maktaba ya kimataifa ya Biodiversity Heritage Library. Nakala zikae Gisenyi na Goma, pamoja na muhtasari wa Kinyarwanda na Kiswahili kwa vyama vya wavuvi. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya kuanza utafiti upya.