Tenisi imefika jirani, Mwanza tunangoja nini?

KUTOKA UFUKWENI
Na Bahati Magesa

Februari 24, 2025, wanaume wanaoishi kwa kucheza tenisi walianza kupambana kwenye udongo mwekundu wa klabu ya Ecology, Kicukiro, jijini Kigali. Walikuwa hapo wiki mbili mfululizo. Wiki ya kwanza ilikuwa Challenger 75, yenye fainali Machi 2; Challenger ni mashindano ya ngazi iliyo chini ya ziara kubwa ya ATP. Wiki ya pili ilikuwa Challenger 100, na fainali yake Machi 9. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, hii ni tenisi ya kulipwa tunayoweza kuifikia kwa basi.

Hizo namba zina maana yake. Bingwa wa wiki ya kwanza anapata alama 75 katika orodha ya dunia ya ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume, na bingwa wa wiki ya pili anapata 100. Mwaka 2024, Rwanda ilipoandaa Challenger kwa mara ya kwanza, wiki zote mbili zilikuwa za alama 50. Ndani ya miezi 12 wamepanda ngazi. Na hawakuanzia hapo: kabla ya Challenger walipokea mashindano madogo ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, yale yanayoitwa M25, ambako bingwa anaondoka na alama 25 na kiasi cha fedha kinachokwisha kwa nauli na hoteli.

Ukiona watu wanapigania alama hizo unaweza kudhani ni jambo dogo. Siyo dogo. Droo kuu ya Challenger ina wachezaji 32, na anayetaka ubingwa lazima ashinde mechi 5 ndani ya wiki moja. Akifanya hivyo mara mbili au tatu kwa mwaka, mlango wa mchujo wa Wimbledon na Roland Garros unaanza kufunguka. Kijana wa Brazil, João Fonseca, akiwa na miaka 18, alichukua ubingwa wa Challenger ya Canberra Januari 2025. Mwezi uliofuata akabeba kombe la Buenos Aires, kwenye ziara kubwa ya ATP. Wanaokuja Kigali wanaitazama njia hiyo hiyo.

Mabingwa wa mwaka 2024 nao wana habari ya kusimuliwa. Wiki ya kwanza ilikwenda kwa Kamil Majchrzak wa Poland. Alikuwa amefungiwa miezi 13 baada ya kukutwa na dawa iliyokatazwa, na ilikubaliwa kwamba ilitokana na kirutubisho kilichochafuliwa. Aliporudi ilibidi aanzie chini kabisa, miji midogo, viwanja visivyo na watazamaji. Kigali ikawa moja ya ngazi alizopandia. Wiki ya pili ilikwenda kwa Marco Trungelliti wa Argentina. Huyu ndiye aliyeshindwa kwenye mchujo wa Roland Garros mwaka 2018, akarudi nyumbani Barcelona, kisha akasikia kuna nafasi imebaki wazi Paris. Alikodi gari, akampakia bibi yake, mama yake na ndugu yake, wakaendesha saa 10 hivi, na kesho yake akaingia uwanjani akamfunga Bernard Tomic. Watu wa namna hiyo ndio wanaokuja kucheza hapa jirani.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo mtazamaji akilijua ataifurahia zaidi mechi. Kigali iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpira unakatiza haraka na kuruka juu kuliko kawaida. Udongo mwekundu, kwa upande wake, unaupunguza mwendo. Mchezaji anajikuta kwenye uwanja wa polepole wenye mpira mwepesi, na siku mbili za mwanzo wengi hupiga nje kwa nusu mita bila kuelewa wamekosea wapi. Mwenye subira ya kuongeza mzunguko kwenye mpira ndiye anayezoea mapema. Sheria za tenisi zimeweka mpaka wa mita 1,219. Juu ya hapo kuna mipira maalumu inayoruhusiwa. Ziwa letu, Victoria, liko mita 1,134. Maana yake Mwanza tuko chini kidogo ya mpaka huo. Mpira wa kawaida unatufaa, na hewa yetu haimsumbui mgeni. Labda upepo wa ziwani wa alasiri ndio ungemsumbua.

Hapo ndipo ninapofika kwenye neno langu la wiki hii.

Mashindano ya ngazi hii hayaishii kwenye mechi. Yanahitaji watoto waokota mipira: wawili kwenye neti, wanne kwenye pembe, kila mechi, kutwa nzima. Mtoto huyo anajifunza kuhesabu 15, 30, 40. Anajifunza kutulia pointi inapochezwa na kukimbia inapokwisha. Kwa wiki mbili anasimama hatua chache kutoka kwa mtu anayeishi kwa kazi hiyo, na anaona kwamba ni binadamu: anatoka jasho, anakasirika, anakosea, anajikusanya upya. Uliza makocha wa tenisi wa Afrika Mashariki walianzaje. Wengi watakuambia walianza kwa kuokota mipira kwenye klabu ambayo wazazi wao hawakuwa wanachama.

Pembeni kuna mafunzo ya saa moja moja kwa wanafunzi. Wapo wanaoyadharau, wakisema ni ya kupigia picha. Mwaka 2024 Yannick Noah alikuwa Kigali wakati wa mashindano, na maisha yake ni jibu tosha. Mwaka 1971 mchezaji tenisi Mmarekani, Arthur Ashe, alipita Yaoundé, Cameroon, akacheza na watoto, akamwona mtoto wa miaka 11 hivi mwenye kipaji kisichofichika. Akapiga simu Ufaransa kumsemea. Mwaka 1983 mtoto huyo akawa bingwa wa Roland Garros. Mwaka mmoja kabla ya Yaoundé, Ashe na Mmarekani mwenzake Stan Smith walikuwa wamezunguka nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Ashe hakumkuta Noah barabarani. Alimkuta uwanjani, kwa sababu kiwanja kilikuwapo na mtoto aliruhusiwa kuingia.

Angella Okutoyi wa Kenya vilevile. Alilelewa katika kituo cha watoto, akashika raketi akiwa na miaka 4 kwenye shule alikokuwa akifanya kazi bibi yake. Mwaka 2022 akatwaa Wimbledon ya wasichana kwa wachezaji wawili wawili, na mwaka 2024 akapata dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Kwa wanaume, Mkenya Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995. Wote ni watu wa ukanda wetu huu, na kila mmoja ana kiwanja fulani nyuma yake.

Mwanza je? Jiji hili linapenda michezo kwa moyo. Pamba Jiji walirudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25, na nenda CCM Kirumba siku ya mechi uone. Kule Mahina, Alliance walijenga shule yenye viwanja, wakafika hadi Ligi Kuu kwa vijana waliowalea wenyewe. Kwa hiyo kulea wachezaji tunajua. Lakini kwenye tenisi, viwanja vichache tulivyo navyo viko ndani ya klabu, hoteli na shule za kulipia. Mtoto wa Mabatini, Igoma au Kirumba anaweza kumaliza darasa la saba bila kuwahi kugusa raketi. Nimehudhuria michezo ya shule hapa mkoani miaka mingi, nikaona soka, netiboli, wavu, mpira wa mikono, kikapu na riadha vikichezwa kwa ari kubwa. Tenisi sijaiona.

Tunaambiwa ni mchezo ghali. Sikubali kwamba ughali ndio unaotuzuia. Raketi na mipira ni fedha, kweli, ila kinachotangulia ni ardhi iliyosawazishwa. Kiwanja kamili pamoja na nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni kinahitaji karibu mita 37 kwa 18. Na udongo wa kukitandaza tunao kila kona ya Usukumani: kichuguu. Wazee wetu walikitumia kwenye sakafu na matofali kwa sababu kikipondwa, kikichekechwa, kikaloweshwa na kushindiliwa, hushikana kuwa kigumu na laini. Afrika Kusini walicheza tenisi kwenye viwanja vya udongo wa kichuguu kwa vizazi kadhaa. Kinahitaji mteremko mdogo wa kutoa maji ya masika, rola, ndoo za maji asubuhi, na mtu mmoja anayekipenda. Kikichimbika kinazibwa kwa udongo ule ule. Sementi inayopasuka inataka fundi na bajeti ya mwaka ujao. Ningependa kumwona mhandisi wa Jiji na mwenzake wa Manispaa ya Ilemela wakikaa na fundi mmoja wa matofali kutoka Misungwi kulijadili hili kwa dhati.

Na kwa watoto wadogo hata hicho si lazima. Tangu 2012 Shirikisho la Kimataifa limepiga marufuku mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Wadogo kabisa hutumia mpira wenye alama nyekundu, ambao mwendo wake ni wa polepole kwa asilimia 75, kwenye kiwanja cha urefu wa mita 11 au 12 na neti ya chini. Sasa tupige hesabu. Kiwanja cha netiboli, ambacho karibu kila shule ya msingi inacho, kina mita 30.5 kwa 15.25. Ukivilaza viwanja vya watoto kwa upana wake, vitatu vinaingia na nafasi ya kupita inabaki. Chokaa ya kuchora mistari, kamba mbili, vitambaa vya kuning'iniza badala ya neti. Watoto 12 wanacheza kwa wakati mmoja, wawili wawili kila upande.

Wenye ulemavu wasiwekwe kando hata hatua moja. Tanzania ina timu ya tenisi ya viti mwendo, na sheria ya mchezo huo ni ile ile isipokuwa mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili. Kiwanja kikijengwa bila ngazi mlangoni, kimewapokea tayari.

Siwezi kuandika habari za Kigali ya mwaka 2025 nikanyamaza kuhusu Goma, jiji la Kongo lililo mpakani na Rwanda, lililotekwa na waasi mwishoni mwa Januari mwaka huo. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walikutana Dar es Salaam Februari 8 kwa ajili ya vita hiyo, na hapa Mwanza wapo wenye ndugu waliokimbia nyumba zao. Kombe la tenisi haliwezi kufuta hilo, na wala sitaki lifute. Watoto wa Goma wanastahili kiwanja kama wa Kicukiro na wa Igoma, na kwanza kabisa wanastahili kulala bila kusikia risasi.

Ninachoomba wiki hii ni kidogo na kinawezekana. Chama cha Tenisi Tanzania na maofisa michezo wa mikoa ya Mwanza, Geita, Kagera na Mara wachague walimu wachache wa michezo, wanawake kwa wanaume, wawapeleke Kigali kwa siku tatu mashindano yakifanyika tena. Wasiende kukaa jukwaani tu. Wakae na wasimamizi wa waokota mipira, waulize wanafundishwa kwa muda gani. Wamtazame anayemwagilia uwanja asubuhi na kuuburuzia wavu jioni. Waulize viwanja vilijengwa kwa fedha ya nani, vinatunzwa na nani, na mtoto asiye na ada anaingiaje. Wakirudi, watupe ripoti ya ukurasa mmoja, na gazeti hili ninaamini litaichapa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Lakini mwenyeji lazima awe na mahali pa kumkaribisha. Wapo wenzangu wanaotaka Mwanza iombe moja kwa moja mashindano ya kimataifa, kwa hoja kwamba hoteli zipo, uwanja wa ndege upo, na mandhari ya miamba ingependeza kwenye televisheni. Mimi nasema tusubiri. Mashindano yakija leo, tutakodi viwanja vya watu, wageni watacheza, wataondoka, na watoto wetu watabaki nje ya ukuta ule ule.

Anayetaka kwenda kujionea, njia ni mbili. Moja inavuka daraja la Kigongo–Busisi, kisha Sengerema, Geita na Biharamulo. Nyingine inazunguka Shinyanga na Kahama. Zote zinakutana kuelekea Rusumo, ambako taratibu za nchi mbili zinamalizwa kwenye kituo kimoja. Beba hati ya kusafiria, na mwavuli, maana mvua za Machi huanza bila kubisha hodi na mechi husimama. Atakayebaki nyumbani ataziona mechi bure kwenye tovuti ya ATP. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ratiba ikisema saa 4 asubuhi ya kwao, hapa ni saa 5. Mwalimu mwenye simu na kifurushi awaite wanafunzi wake wachache watazame seti moja, kisha awapeleke kwenye kiwanja cha netiboli na kamba.