Bunduki umeipima, magongo je?

Leo naomba tutoke kidogo mjini. Hatuzungumzii viwanja vya starehe wala nani kamtosa nani. Tunaingia porini kweli kweli, na mada yenyewe ni kitu ambacho huenda hujakifikiria hata siku moja: ile miti ambayo mwindaji huegemeza bunduki yake kabla hajafyatua.

Najua utasema, "Aah, mimi na bunduki wapi na wapi?" Subiri, usifunge gazeti. Na mimi ni mtoto wa mjini kama wewe, nimekulia Magomeni, nyama naijua ikiwa buchani. Lakini mwaka 2011 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, mfukoni sina hata nauli ya daladala. Mama akampigia simu kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa traka kwenye kambi moja ya uwindaji wa kitalii huko Pori la Akiba Rungwa. Mjomba hakuuliza mengi. "Mlete," akasema. "Atabeba magongo."

Nikapanda basi hadi Manyoni, nikafika Itigi, toka hapo nikadandia lori la kambi. Karibishwa yangu ilikuwa ndorobo, wale inzi wanaokuuma hata juu ya jinzi. Siku ya kwanza nilitaka kurudi. Siku ya pili nilitaka kurudi zaidi.

Hayo magongo ni nini hasa? Ni miti mitatu, mara nyingi mianzi, mirefu kama mtu mzima, imefungwa pamoja karibu na ncha kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ukiitanua chini inasimama kama kigoda cha miguu mitatu, na pale juu panabaki panda. Mwindaji anaweka bunduki kwenye ile panda, analenga, anapiga. Kwa nini asishike tu mkononi kama kwenye sinema? Kwa sababu sinema ni sinema, bwana. Bunduki ya .375, ambayo ndiyo wengi huitumia kwa nyati, ina uzito wa kilo nne na ushee. Umetembea saa tatu juani, moyo unadunda, pumzi juu juu, halafu mnyama huyo hapo. Ukiinua bunduki mikono mitupu, ncha ya mtutu inacheza kama mkia wa mbwa.

Sasa nisikilize kilichonipata.

Kila mgeni akifika kambini, kabla hajaenda kokote, anapima bunduki yake. Mgeni wetu alikuwa mzee mmoja kutoka Ubelgiji, mpole, mfupi, ananifika kwapani. Alikaa kwenye meza, bunduki juu ya mifuko ya mchanga, shabaha mita 100. Risasi tatu zikaingia mahali ambapo ungepafunika kwa kizibo cha soda. Watu wakapiga makofi. Mwindaji bingwa wetu akasema safi, kesho tunaondoka.

Tatizo likawa moja. Usiku ule ule niliyaacha magongo nyuma ya gari, dereva akarudi nyuma, kraa! Mjomba alikuwa anatumwa kwenye kambi ndogo kwa siku mbili. Akaniambia, "Kata miti mitatu iliyonyooka, uifunge, halafu mpime mgeni. Umesikia? Mpime mgeni." Nikaitikia ndiyo mjomba. Miti nikaikata, nikaifunga, nikaisimamisha. Ikanikaa mimi safi kabisa, mwenye futi sita na inchi zake. Mgeni alikuwa amepumzika hemani, nikaona aibu kumsumbua. Mjomba aliporudi akauliza, "Ulimpima?" Nikajibu, "Nilimpima." Uongo mtupu, msomaji wangu. Uongo mdogo, wa uvivu, kama ule wa kumwambia mtu upo njiani wakati ndiyo kwanza unatafuta taulo.

Asubuhi ya siku ya nne tukamkuta mbogo dume, mzee, peke yake, hatua kama sitini. Mwindaji bingwa akanipa ishara ya kidole. Nikatanua magongo. Pale chini palikuwa na vichaka na mizizi, mguu mmoja ukakataa kwenda, nikauacha hivyo hivyo. Panda ikawa juu mno. Mzee wa watu akaweka bunduki, akainua kidevu, akasimama kwa ncha za vidole kama mtoto anayechungulia dirishani. Nilimwona. Ningeweza kumshika bega. Nikanyamaza.

Akapiga. Mbogo akajikunja, akaingia porini.

Mjomba akainama pale aliposimama mnyama. Akaokota jani lenye damu, akalinusa, akamwonyesha mwindaji bingwa. Damu ilichanganyika na majani yaliyotafunwa. Maana yake risasi imeingia tumboni. Mbogo wa namna hiyo hafi upesi, na kule porini huwezi kumwacha hivyo ukaenda kunywa chai. Anateseka, na atakayekutana naye kesho, awe mrina asali au askari wa doria, atajuta. Lazima afuatwe.

Tulisubiri karibu saa nzima. Kisha wakaingia. Na hapa ndipo wengi wa mjini hamjui: anayetangulia ni traka, kwa sababu ndiye anayesoma nyayo. Traka hana bunduki. Mjomba wangu, baba wa watoto watano, alitangulia na kijiti mkononi, macho chini, mwindaji bingwa begani kwake, askari wa wanyamapori nyuma yao. Mimi nikaambiwa nibaki na mgeni. Sijawahi kusali kama siku ile.

Mbogo alikuwa amezunguka, akajificha pembeni ya njia yake mwenyewe. Nilisikia vichaka vikivunjika, kisha milio miwili, halafu kimya. Nikasikia mtu anakohoa, nikaijua sauti ya mjomba, magoti yakaniisha nguvu. Tulipofika nilihesabu mwenyewe: hatua saba kutoka pale aliposimama mjomba hadi kwenye pua ya mbogo.

Jioni, motoni, aliniuliza tena. "Ulimpima?"

"Hapana, mjomba."

Alikaa kimya muda mrefu, anachokonoa makaa. Nilikuwa nangoja kofi. Akasema tu, "Kesho tunakata mengine."

Asubuhi yake nilipata darasa ambalo sikulipata chuoni kwa miaka mitatu. Nakupa kama nilivyopewa.

Kwanza, meza ni mwongo. Kwenye meza unapima bunduki na darubini, basi. Hujapima mtu. Porini hakuna meza, kwa hiyo egemeo utakalotumia kule ndilo ufanyie mazoezi. Mjomba alimsimamisha mgeni kwenye magongo yale yale marefu, akampa karatasi yenye duara la ukubwa wa kisahani. Risasi tano, mbili tu zikaingia. Magongo yakapunguzwa, tano zikaingia tano. Bunduki ile ile, mzee yule yule.

Pili, urefu. Simama wima bila kujikaza, lete bunduki begani ikiwa kwenye panda. Jicho lifike kwenye darubini lenyewe, usiiname, usinyanyuke. Ukitanua miguu ya magongo unashusha, ukiibana unapandisha. Anayebeba ampime mwenye kupiga, asijipime yeye.

Tatu, idadi ya miguu. Fimbo moja ni nyepesi na ni ya haraka, inazuia bunduki kupanda na kushuka, lakini kushoto na kulia bado unayumba. Fimbo mbili zilizopishana zinatuliza kushoto na kulia, ila zinaweza kwenda mbele na nyuma, kwa hiyo zinafaa zaidi ukiwa umekaa. Tatu ndiyo tulivu kuliko zote ukiwa umesimama. Ubaya wake ni uzito, na zinachelewa kutanuka kama aliyezishika ni mzembe kama mimi wa wakati ule. Vilevile zifungwe vizuri zisigongane, maana ule mlio wa ko-ko-ko mnyama anausikia kabla yako.

Nne, ile miguu miwili midogo inayofungwa mbele ya bunduki. Vijana wanaipenda, inaonekana ya kikomandoo. Ni nzuri sana ukilala kifudifudi mahali peupe. Lakini nenda kalale kwenye nyasi za miombo uone kama utaona kitu zaidi ya nyasi. Na inaongeza uzito mbele siku nzima.

Tano, egemeo la bure. Kichuguu, gogo, shina la mti, vyote ni halali. Ila usiuweke mtutu juu ya kitu kigumu. Ukifyatua bunduki itaruka na risasi itakwenda juu ya ulikolenga. Weka mkono, kofia au begi katikati, na kinacholala pale kiwe ule ubao wa chini. Kama ni mti uliosimama, bana kiganja kwenye shina, bunduki ikae juu ya kidole gumba. Na kama hakuna chochote, kaa chini, viwiko vyako viingie upande wa ndani wa magoti. Mfupa juu ya mfupa unateleza.

Sita, na hili mjomba alilisema mara mbili: kama egemeo halijakaa sawa, usipige. Mnyama akiondoka, kaondoka. Kesho yupo.

Siku mbili baadaye mzee wa Ubelgiji alimpiga kongoni dume. Nilitanua magongo, nikamwangalia visigino, vipo chini. Nikampa ishara. Risasi moja, kongoni hakutembea hatua kumi.

Naomba nisieleweke vibaya. Sikutumi ukachukue bunduki ya mtu uingie porini. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na jela siyo lojingi. Lakini wewe unayekwenda Mikumi na kamera yenye lenzi ndefu, halafu picha zote za simba zinatoka na ukungu, unalaumu kamera, hili linakuhusu. Shona mfuko mdogo, ujaze mchele au maharage, uulaze kwenye dirisha la gari, lenzi juu yake, mwambie dereva azime injini. Kisha jaribu nyumbani kwanza, kwa kumpiga picha paka wa jirani. Usiende kujifunzia mbele ya simba.

Mjomba siku hizi amestaafu, yupo Itigi, anafuga nyuki. Kila nikimpigia simu, baada ya shikamoo na marahaba, lazima aniulize, "Ulimpima?" Anauliza lolote lile: kazi, mchumba, hata kiwanja nilichotaka kununua. Mwaka jana nilikuwa karibu kutoa hela za kiwanja kwa sababu dalali alikuwa na haraka. Nikasema subiri kidogo, nikaenda ofisi ya ardhi. Kiwanja kilikuwa na mwenyewe.

Haya, msomaji wangu, kwa leo tuishie hapo. Wewe nawe ukisema umepima, uwe umepima. Tukutane wiki ijayo, majaliwa.