Mechi Arobaini na Moja

Juzi chini ya mwarobaini wa hapa shuleni tulibishana mpaka kengele ya jioni ikatukuta. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu, anayesakata boli kutushinda sote, alisema akimaliza shule atatafuta timu Nairobi. Wakamcheka. Eti mpira si kazi, heri mbuzi wa baba, ambao soko la Garissa litawanunua hata usipofunga bao.

Mimi nikamtaja Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa besiboli. Wengi wetu hatujashika hata rungu la mchezo huo, basi nieleze kidogo. Kuna walinzi wanaosimama karibu na vituo, pale mpira unapopita chini kwa kasi ya ajabu. Kazi yao ni kuudaka na kuurusha kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika. Hapo Ngoepe alikuwa stadi kweli kweli. Kupiga ndiko kulimsumbua.

Alilelewa Randburg, karibu na Johannesburg, katika chumba ndani ya jengo la klabu ambako mamake alifanya kazi. Akifungua mlango, uwanja huu hapa! Mwaka 2008, akiwa na miaka 18, Pittsburgh Pirates ya Marekani ilimpa mkataba. Akapelekwa ligi za chini, akapanda ngazi moja moja kwa zaidi ya miaka minane. Aprili 26, 2017 akaingia ligi kuu, wa kwanza kutoka bara letu, na zamu yake ya kwanza ya kupiga akampata Jon Lester wa Chicago Cubs na kufika kituo salama. Mamake alikuwa ameshafariki.

Hapo ubishi ukachacha. Maanake mwaka huo alicheza mechi 28 tu, na 2018 akacheza 13 na Toronto Blue Jays. Basi! Ligi kuu ikaishia hapo. "Miaka yote hiyo kwa mechi 41? Mvumilivu hula mbivu gani hiyo?" akauliza mmoja.

Swali si la kipuuzi. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo ana haki ya kuliuliza, na kijana asifichwe hesabu hiyo. Lakini tusimcheke mtu ambaye uwanja wake ni mchanga na miiba, na hakuna kocha anayekuja kumtazama. Jirani zetu wa Uganda walianza na watoto: mwaka 2012 timu ya Lugazi ilifika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, na 2022 Los Angeles Dodgers ikawasajili vijana wawili wa Uganda. Hao nao walicheka nani?

Mwenzetu hakubishana. Aliuliza tu kama Ngoepe alilipwa ile miaka ya ligi za chini. Nikamwambia ndiyo, kidogo.

"Basi alikuwa kazini," akasema, akachukua mpira wake akaenda.